Mwongozo kamili: jinsi ya kumlinda mzazi mzee asidhulumiwe na asinyang'anywe mali na watu wa nyumbani

Tuongee ukweli bila kuzunguka. Mzee akidhulumiwa, mara nyingi anayemdhulumu ni mtu anajua funguo ya mlango inafichwa wapi. Ni kijana aliyerudi nyumbani baada ya kazi kuisha mjini, ni bibi ya kaka yako, ni mjukuu ndiye anamshikia simu, na saa zingine ni yule mtoto wa kwanza ambaye familia yote inamheshimu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 wa miaka 60 kwenda juu hupitia dhuluma ya aina fulani kila mwaka, na wengi hawasemi kabisa, juu kusema ni kumtaja mtoto uliyemzaa mwenyewe.

Kitu nimeona kikijirudia kwa maboma mengi hapa Kenya, iwe Njoro, Ahero ama Shinyalu, ni kwamba dhuluma inaota pale mtu mmoja peke yake amesimama kati ya mzee na watu wengine wote. Yeye ndiye anashika simu, yeye ndiye anaenda benki, yeye ndiye anajua dawa zimebaki ngapi, yeye ndiye anaambia wageni "mzee amelala". Pengine alianza na roho safi kabisa. Lakini mahali hakuna macho mengine pesa inaanza kupotea kidogo kidogo, halafu heshima nayo inafuata. Kwa hivyo kila hatua hapa chini inalenga kuongeza macho. Usisome huu mwongozo ili uende umnyang'anye mzee maamuzi yake uyashike wewe, hiyo pia ni dhuluma hata ukiwa na nia nzuri.

Kwanza ujue unatafuta nini

Watu wengi wanangoja waone mama ana jicho limevimba ndio waamke. Hapo umechelewa sana. Dalili za mapema ni ndogo: ukipiga simu inashikwa na mtu mwingine kila mara, na mama akipewa anaongea majibu mafupi mafupi kama mtu anasikilizwa. Dawa za presha ama za sukari zinaisha na hakuna aliyeenda kununua, na wewe ulituma pesa. Majirani wanaambiwa mzee hataki wageni. Kuku, mbuzi, hata mabati yaliyokuwa store yamepungua na kila ukiuliza hadithi ni tofauti. Miwa imeuzwa kwa broka ikiwa changa. Bonasi ya chai imeingia na mzee bado ana deni la sukari pale dukani. Mwalimu mstaafu ana penseni lakini kadi ya ATM hajaiona tangu mwaka uanze.

Kwa mwili angalia kukonda, nguo chafu kwa mtu ambaye zamani alikuwa nadhifu, vidonda vya kulala upande mmoja, na alama za vidole kwa mkono sehemu ya juu, pale mtu anashikwa na kuvutwa. Sikiliza pia maneno anayoambiwa. "Wewe unamaliza chakula tu", "unangoja nini kufa", hayo ni matusi ya kumvunja mtu moyo, na sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kulinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani inahesabu mateso ya kihisia na ya kiuchumi pamoja na kipigo. Katiba nayo, kifungu cha 57, inasema wazi kwamba wazee waishi kwa heshima, wasidhulumiwe, na wapate matunzo kutoka kwa familia na serikali.

Enda nyumbani, na ukae

Hii kazi haifanyiki kwa simu ukiwa Nairobi. Enda, lala siku kadhaa, na usifike na kelele. Ukianza na "nani anakuibia?" mzee atafunga mdomo na yule mtu atajua anafuatwa, halafu ukirudi mjini mzee ndiye anabaki akilipa.

Tafuta nafasi mkiwa wawili tu. Mpeleke kliniki wewe mwenyewe, ama mtembee polepole kwenda kanisani, ama mkae huko shambani mbali na nyumba. Uliza maswali ya kawaida ambayo jibu lake linakuonyesha kitu. "Mama, pesa ya serikali ya hii miezi ilifika? Uliiona wewe mwenyewe ama uliambiwa?" "Baba, jana usiku mlikula nini?" "Ukitaka kununua kitu kidogo tu, unaomba nani?" "Kuna mtu anakufanya uogope hapa nyumbani?" Halafu unyamaze umpe muda, wazee wetu wanaanza mbali sana kabla wafike kwa kitu kinauma. Na usimwahidi kwamba hutaambia mtu yeyote, mwambie tu kwamba hutafanya kitu bila kumwambia yeye kwanza.

Ongea na watu wa pembeni pia: jirani, mama wa duka, mtu wa chama chake, mhudumu wa afya wa kijiji. Hawa wanajua mengi kuliko wewe na huwa wanangoja tu waulizwe kwa heshima.

Simu na pesa ndogo ndogo

Hapa ndipo uvujaji mwingi uko, na ndipo kurekebisha ni rahisi.

Anza na laini. Ukiwa na mzee na yeye amekubali, piga *106# kwa laini yake ya Safaricom uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Ukikuta namba asiyoijua iripotiwe. Halafu abadilishe PIN ya M-Pesa, yeye mwenyewe akibonyeza, na achague kitu anakumbuka lakini si mwaka wa kuzaliwa, juu hiyo kila mtu kwa boma anaijua. Kama macho hayaoni vizuri na lazima mtu amsaidie, basi msaidizi awe anajulikana na familia yote, na meseji zisifutwe hata moja. Meseji za M-Pesa zikifutwa kila wakati, hiyo yenyewe ni dalili.

Kisha angalia Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa salio likiwa halitoshi, kupitia *234#. Watu wengi hawafikirii hii kabisa. Mjukuu anafuliza kwa laini ya shosho, anajitumia, halafu wewe ukituma pesa ya dawa inakatwa kulipa deni kabla shosho aone hata shilingi, na wewe huko unashangaa mbona anasema hajapata. Deni likilipwa, mzee ajitoe kwa Fuliza kama haitumii. Angalia na mikopo mingine ya simu, M-Shwari, KCB M-Pesa, hata Hustler Fund, yote inachukuliwa kwa jina lake na ni yeye ataandikwa hajalipa.

Badilisha jinsi unatuma. Badala ya kutuma elfu tano kwa laini moja na kuomba Mungu, lipa vitu moja kwa moja: duka la karibu kwa till namba yao, kemia kwa till yao, stima kwa namba ya mita. Mzee mwenyewe mtumie pesa ndogo ya mkononi, ya sadaka na ya kupea wajukuu, hiyo asiulizwe na mtu ameitumiaje. Mtu mzima akikosa hata mia moja ya kutoa kanisani anajiona amekuwa mtoto.

Inua Jamii, ile pesa ya serikali ya wazee: mzee wa miaka 70 kwenda juu aliyesajiliwa anafaa kupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Shida ni kwamba mara nyingi zinakuja zimekusanywa za miezi kadhaa, so anayemchukulia anaweza kumpa elfu mbili na kumwambia "wametoa ya mwezi moja". Jua zimetoka za miezi mingapi, uliza wazee wengine wa hapo kijijini, ama ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo. Mtu aliyeandikishwa kuchukua kwa niaba yake akiwa ndiye shida, nenda hiyo ofisi mkaombe abadilishwe, hiyo nafasi si ya maisha.

Benki: kadi ya ATM irudi kwa mzee, na kama imepotea ifungwe. Aombe taarifa ya akaunti ya miezi 12 na muipitie pamoja mkitafuta pesa zilizotolewa siku ambazo yeye alikuwa kitandani. Kwa sacco na chama, uliza nani ameandikwa kama mrithi wa hisa, na kama kuna mkopo alidhamini bila kuelewa.

Shamba, na hapa twende polepole

Dhuluma kubwa kabisa kwa sehemu zetu ni ya ardhi. Kwa hivyo kwanza huu ukweli uingie kwa kila kichwa: kwa kawaida mtoto hana fungu kwa shamba lililosajiliwa kwa jina la mzazi wakati mzazi bado ako hai. Urithi unaanza mtu akifa. Hao vijana wanasukuma mzee "atupatie yetu" wanaomba zawadi, na zawadi inaweza kukataliwa.

Fanya sachi. Chukua namba ya kipande na kitambulisho, uombe kupitia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, ama ofisi ya ardhi ya kaunti. Matokeo yatakuonyesha shamba liko kwa jina la nani, ukubwa wake, kama kuna mkopo umeshikilia hiyo taito na kama kuna zuio lolote. Rudia angalau kila mwaka. Kuna wazee wanalala na taito chini ya mto wakidhani wako salama na kumbe shamba lilishahamishwa, karatasi waliyonayo haina maana tena.

Jua njia ambazo shamba linapita ndio ujue pa kusimama. Shamba la kilimo haliwezi kuuzwa, kugawanywa wala kukodishwa kwa mkataba wa maana bila kupita bodi ya kudhibiti ardhi, ile inakaa kwa ofisi ya naibu kamishna wa kaunti ambayo wengi bado wanaita kwa DC. Bila idhini ya bodi mauzo ni batili kisheria. Bodi kawaida inataka kuona bibi ama bwana, na mara nyingi watoto wakubwa pia, kwa hivyo ukisikia jina la shamba lenu linaenda bodi, fika siku hiyo na usimame useme mzee hajakubali, ama hajaelewa anachoweka kidole. Tena nyumba na shamba la ndoa haliuzwi bila idhini ya mwenzake kwa maandishi, so mama akiwa hai, sahihi ya baba peke yake haitoshi.

Ukiona dalili za ujanja, mume ama mke anaweza kuweka kosheni, yaani onyo rasmi la kuzuia shamba lisihamishwe, kwa ofisi ya ardhi. Mzee mwenyewe naye anaweza kumwandikia msajili wa ardhi akiomba zuio ili kuzuia ulaghai, sheria inampa msajili hiyo nguvu. Ambatisha nakala ya kitambulisho na ueleze nini kimetokea kwa lugha rahisi. Taito ikidaiwa imepotea, tangazo linawekwa kwa Gazeti rasmi la Serikali na watu wanapewa siku 60 kupinga kabla mpya itolewe, kwa hivyo mtu anaweza kudanganya imepotea huku mzee ameikalia. Zile siku ndizo nafasi yenu.

Kama shamba bado liko kwa jina la babu aliyekufa, na magharibi hii ni kawaida sana, hatari iko kwa saksesheni, ile kesi ya urithi kortini. Mtu anaenda kwa chifu kuchukua barua akiwa ameacha majina ya madada na hata ya mama mzee mwenyewe. Mjane ndiye wa kwanza kuangaliwa kuwa msimamizi wa mali ya mumewe, na sheria inampa haki ya kuishi na kutumia hiyo mali maisha yake yote. Ongeeni na chifu mapema majina yote yaandikwe. Ombi likishatangazwa kwa Gazeti kuna siku 30 za kupinga, na hata granti, ile hati ya kusimamia mali ya marehemu, ikishatoka korti inaweza kuifuta kama ilipatikana kwa kuficha watu. Na yeyote anayeuza ama kugawa mali ya marehemu bila granti anafanya kosa ambalo kifungo chake kinaweza kufika mwaka mmoja.

Mzee akitaka kugawia watoto akiwa hai, ni haki yake kabisa, msimkataze. Lakini pale nyumba yake iko pabaki kwa jina lake mpaka mwisho. Hilo ningelisema mara kumi kama ingesaidia. Nimeona wazazi wakianza kuitwa wageni kwa boma walilojenga, baada tu ya kuandikisha yote kwa jina la mtoto aliyekuwa mzuri sana kabla ya ile sahihi.

Wosia nao usiogopwe. Uandikwe mzee akiwa na akili timamu, aweke sahihi mbele ya mashahidi wawili, na mashahidi wasiwe watu wanaopewa kitu ndani yake. Daktari akiandika barua wiki hiyo kwamba mzee anaelewa anachofanya, ni vigumu baadaye mtu kusema alikuwa amechanganyikiwa.

Na kama kweli ameanza kusahau, anarudia maneno, anapotea njia ya soko, mpelekeni hospitali apimwe dimenshia. Akifika mahali haelewi pesa wala karatasi, njia halali ni Mahakama Kuu kumteua mtu wa kusimamia mali yake, na huyo anawajibika kortini. Kumshika kidole na kukibonyeza kwa wino si njia.

Yule anayemtunza

Kila familia iko na huyo mmoja aliyebaki nyumbani, mara nyingi binti ama mke wa kaka, anaosha, anapika, anaamka usiku, na wengine wote wanatuma maagizo. Baada ya miaka miwili mitatu anachoka, anakuwa na hasira, anaanza kujilipa mwenyewe kwa siri. Sitetei kuiba ama kumpiga mzee. Lakini kama mnataka mzazi awe salama, mlipeni huyo mtu waziwazi, kiasi kinachojulikana, tarehe inayojulikana, na mumpe wiki ya kupumzika mtu mwingine akija kushika zamu. Hapo hata mkiuliza hesabu ya pesa mna uso wa kuuliza.

Kikao cha familia

Kifanyike nyumbani, mzee akiwa ameketi hapo na akiwa wa kwanza kuulizwa anataka nini. Alika mtu mmoja wa nje mnayemheshimu, baba mdogo, mzee wa ukoo ama wa kanisa, ili watu wachunge ndimi. Msianze na mashtaka. Anzeni na mahitaji: chakula ni ngapi kwa mwezi, dawa ni ngapi, nani analipa nini, nani anaangalia hesabu, nani anafika nyumbani mwezi gani. Andikeni kwa daftari, kila mtu aweke sahihi, na anayeshika pesa asiwe ndiye anakagua. Malipo ya SHA ya mzee, ile bima ya afya ya serikali, yawekwe hapo pia, na namba ya simu iliyosajiliwa iwe ya mtu mnayemwamini, si ya mtu aliyeondoka boma mwaka jana na laini yake.

Ndugu anayehusika akikubali kurudisha alichochukua, andikeni kiasi na tarehe. Akikataa ama akitisha, kikao kimeisha, songeni mbele.

Kukiwa na kipigo, kunyimwa chakula ama vitisho

Hapa hakuna kikao. Naibu chifu na mzee wa mtaa wanaweza kusaidia kwa ugomvi wa kuku na mipaka, lakini mzee akipigwa, akifungiwa, akibakwa ama akitishwa kuuawa, ni polisi na hospitali siku hiyo hiyo. Kisumu kuna hospitali ya Jaramogi, ile wazee bado wanaita Russia, na Nakuru kuna ile ya rufaa ya kaunti ambayo wengi wanaijua kama PGH. Usimwoshe kabla hajaonekana na daktari kama kuna shaka ya ubakaji. Kituoni omba dawati la jinsia, chukua namba ya OB, ile ya kitabu cha ripoti cha polisi, uiandike, na daktari ajaze P3, ile fomu ya polisi ya majeraha. Piga picha za majeraha, weka tarehe. Namba 1195 ni ya bure, inashughulikia dhuluma za kijinsia na za nyumbani, na dharura ni 999 ama 112.

Korti ya hakimu inaweza kutoa amri ya ulinzi chini ya ile sheria ya 2015, na mtu mwingine anaweza kuomba kwa niaba ya mzee. Amri inaweza kumzuia huyo mtu asimguse, asimtishe, na hata atoke kwa nyumba wanayoishi pamoja. Kama hakuna pesa ya wakili, FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, wako na ofisi Kisumu na wanasaidia wanawake, na serikali iko na huduma ya msaada wa kisheria iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016.

Fitina za uchawi zichukulie kama hatari ya kifo, hasa upande wa Kisii. Mwezi wa kumi 2021 akina mama wazee wanne waliuawa huko Marani na umati uliowaita wachawi. Ukisikia jina la mama yako limeanza kutajwa hivyo, mtoe hapo siku hiyo, halafu ndio uende polisi. Kumsingizia mtu uchawi ni kosa kisheria. Na chunguza nani atabaki na shamba akiondoka, mara nyingi maneno yanaanzia hapo.

Mzee mwenyewe akikataa

Itatokea. Atakwambia "huyo ni mtoto wangu, akifungwa nani ataniletea maji?" Kama ako na akili zake, huwezi kumlazimisha kuripoti kila kitu, na ukimgombeza atazidi kumkumbatia yule anayemuumiza. Mjibu lile swali la maji kwanza. Tafuta nani mwingine ataleta, umlipe, aanze kazi wiki hiyo hiyo, uone kama mzee hataanza kuongea tofauti akijua hatabaki peke yake. Wakati huo endelea na zile hatua zisizohitaji kumshtaki mtu: sachi, PIN mpya, kulipa duka moja kwa moja, jirani kupitia kila siku mbili na kukutumia meseji.

Mpe pia njia ya kuita msaada. Weka namba yako, ya jirani na ile 1195 kwa simu yake, na kama kuna mtu anapekua hiyo simu basi zihifadhi kwa majina ya watu wa kanisa, halafu mjaribu kupiga pamoja mara moja ajue kidole kinabonyeza wapi.